Kwa nini mifumo mipya ya TEHAMA huchelewa, na jinsi mpango kazi makini unavyolinda huduma na mishahara

Na Mwandishi Wetu

Mwezi Machi 2010, wauguzi, madaktari na wahudumu wa hospitali za umma katika jimbo la Queensland nchini Australia walipokea mishahara kupitia mfumo mpya kwa mara ya kwanza. Baadhi yao hawakulipwa chochote. Wengine walilipwa pungufu, na wengine walizidishiwa fedha ambazo baadaye walitakiwa kuzirejesha. Hazina ya jimbo haikuwa imeishiwa, wala hapakuwa na mtu aliyeiba. Mfumo wa kompyuta wa kukokotoa mishahara ulikuwa umewashwa kabla haujawa tayari, baada ya ratiba yake kusogezwa mbele mara kadhaa.

Mwananchi anayefuatilia taarifa za Serikali hukutana mara kwa mara na tangazo la aina hii: taasisi fulani inahama kutoka mfumo wa zamani kwenda mfumo mpya, na huduma zitasitishwa kwa siku kadhaa. Nyakati nyingine tangazo hilo hufuatiwa na lingine linalosogeza tarehe. Makala haya yanaeleza kinachofanyika nyuma ya tangazo, kwa nini tarehe husogea, na nini hufanyika mapema ili isisogee.

Mfumo jumuishi wa taasisi ni programu moja kubwa, au programu kadhaa zinazosomana, inayobeba shughuli za taasisi nzima: hesabu za fedha, ununuzi, kumbukumbu za watumishi, mishahara, stoo na ankara za wateja. Taarifa huingizwa mara moja na kutumika kila inapohitajika. Hapa Tanzania, wengi wanaujua upande mmoja tu wa mifumo ya namna hii, ule wa namba ya kumbukumbu ya malipo ambayo mwananchi hupewa anapolipia huduma ya Serikali kupitia mfumo wa GePG ulioanza kutumika mwaka 2017. Nyuma ya namba ile fupi kuna benki, kampuni za simu, taasisi inayodai na Hazina, na wote hao hawana budi kusoma taarifa ileile kwa namna ileile.

Kununua programu ya aina hii hakufanani na kununua gari. Gari likifika bandarini huwashwa likaondoka. Programu ikifika haijui lolote kuhusu taasisi iliyoinunua: haijui ngazi za mishahara, haijui nani anaidhinisha hati ya malipo, haijui kwamba mteja mmoja ameandikwa mara tatu kwa majina yanayotofautiana herufi moja. Kuifundisha yote hayo ndiyo kazi yenyewe, na hapo ndipo miezi hupotea.

Turejee Queensland, kwa kuwa yaliyotokea huko yalichunguzwa kwa kina na taarifa yake ikawekwa wazi. Mfumo wa zamani wa mishahara ya sekta ya afya, ulioitwa LATTICE, ulikuwa umechakaa, na msaada wa kiufundi wa mtengenezaji wake ulikuwa unafikia ukomo katikati ya mwaka 2008. Mwishoni mwa mwaka 2007 Serikali ya jimbo iliingia mkataba na kampuni ya IBM kama mkandarasi mkuu. Kazi ya kuweka mfumo wa muda kwa ajili ya sekta ya afya ilipangiwa bei ya awali ya dola za Australia milioni 6.19, na ilitarajiwa kukamilika katikati ya mwaka 2008.

Mwanzoni kabisa palitokea kosa ambalo halikurekebishika baadaye: mahitaji ya taasisi yalikusanywa kwa haraka mno. Watumishi wapatao 78,000 walikuwa wakilipwa chini ya mikataba mbalimbali ya ajira, wakiwa na posho zaidi ya 200. Wakaguzi walihesabu njia zipatazo 24,000 tofauti za kukokotoa malipo yao. Zamu ya usiku ina kiwango chake, sikukuu ina chake, na muuguzi aliyeitwa kazini akiwa mapumzikoni ana chake. Mambo kama hayo hayajulikani kwa kukaa ofisini na kusoma waraka. Ni lazima kumwendea karani wa mishahara wa hospitali ya wilaya na kumuuliza anafanyaje, kwa kuwa yeye ndiye mwenye daftari ambalo halimo katika waraka wowote.

Kwa kuwa mahitaji hayakuwa yameandikwa kikamilifu, kila kilichogunduliwa baadaye kilikuja kama badiliko la mkataba. Badiliko lilihitaji mjadala, mjadala ulikula majuma, na majuma hayo yalisogeza tarehe. Kufikia mwanzoni mwa mwaka 2010, hofu ya mfumo wa zamani kuanguka ilikuwa kubwa kuliko hofu ya mfumo mpya kutokuwa tayari. Vigezo vya kupima uzito wa kasoro vililegezwa. Jaribio kamili la kuendesha mifumo miwili sambamba, ambapo mishahara ya watumishi wote hukokotolewa na mfumo wa zamani na mpya kisha matokeo kulinganishwa, halikufanyika. Mfumo ukawashwa.

Kilichofuata kilirudisha kazi ya kompyuta mikononi mwa watu. Tathmini ya mwaka 2012 ilionesha kwamba zaidi ya watumishi 1,000 walihitajika kuhakikisha mishahara inatoka kila baada ya wiki mbili, wakifanya hatua za mkono zaidi ya 200,000 katika kila mzunguko. Gharama yote ilikadiriwa kuzidi dola bilioni 1.2. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Richard Chesterman iliwasilisha taarifa yake Julai 2013, na iliona udhaifu kwa pande zote mbili, Serikali na mkandarasi. Msomaji atazame tofauti iliyopo kati ya milioni 6.19 na bilioni 1.2. Haikutokana na bei ya kompyuta.

Je, Queensland ilikuwa na bahati mbaya tu? Mwaka 2011 watafiti Bent Flyvbjerg na Alexander Budzier walichapisha matokeo ya kuchunguza miradi 1,471 ya TEHAMA. Kwa wastani, miradi hiyo ilizidisha bajeti kwa asilimia 27, kiasi ambacho msimamizi mzoefu anaweza kukivumilia. Hatari ilijificha mahali pengine. Mradi mmoja katika kila sita ulizidisha gharama kwa asilimia 200 kwa wastani, na kuchelewa kwa karibu asilimia 70. Anayepanga kwa kutazama wastani peke yake anafanana na mtu anayevuka mto kwa kuwa ameambiwa kina chake cha wastani kinafika magotini.

Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walikwisha kueleza mwaka 1979 tabia inayochangia hali hii. Binadamu anapokadiria muda wa kazi yake huangalia hatua za kazi yenyewe na kudhani kila hatua itakwenda sawa. Hatazami kazi zinazofanana zilizowahi kufanywa na wengine zilichukua muda gani. Dawa yake ni rahisi kuitaja na ngumu kuimeza. Kabla ya kuandika tarehe, ziulizwe taasisi tatu au nne zilizokwisha kuweka mfumo wa ukubwa huo zilitumia miezi mingapi hasa, kisha makadirio yaanzie hapo. Kama wenzetu walitumia miezi 20 na sisi tumeandika 9, tunapaswa kuwa na sababu ya kueleweka. Imani kwamba sisi ni wachapakazi kuliko wao haitoshi.

Baada ya makadirio huja mpangilio wa kazi. Hapa inafaa kutumia mfano, ingawa ni wa kufikirika. Tuchukulie mamlaka ya maji inayotaka kuhamia mfumo mpya wa ankara na hesabu. Kukusanya mahitaji kunachukua wiki 6. Baada ya hapo, wataalamu wanasanidi programu kwa wiki 12, na wakati huohuo ofisi ya wateja inasafisha kumbukumbu kwa wiki 14: kuondoa majina yaliyojirudia, kuhakiki namba za mita, kurekebisha madeni yenye utata. Ununuzi wa seva, ulioanza siku ya kwanza ya mradi, unachukua wiki 10. Majaribio ni wiki 8 na hayawezi kuanza hadi programu, seva na kumbukumbu safi viwepo. Mafunzo ya watumiaji ni wiki 4, na mwisho mifumo miwili huendeshwa sambamba kwa wiki 8.

Programu itakuwa tayari mwishoni mwa wiki ya 18. Seva zitakuwa zimefika wiki ya 10. Kumbukumbu safi zitapatikana wiki ya 20, na majaribio yatazisubiri. Kwa hiyo mradi mzima ni wiki 40, na mnyororo unaoamua urefu wake unapita katika kusafisha kumbukumbu. Mkandarasi akiongeza kasi na kumaliza kusanidi wiki tatu mapema, tarehe ya mwisho haitasogea hata siku moja. Karani wa ofisi ya wateja akichelewa wiki tatu, mradi wote utachelewa wiki tatu. Njia hii ya kutafuta mnyororo unaoamua muda wa mradi imekuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Hata hivyo, si ajabu kukuta kikao cha maendeleo ya mradi kinachotumia saa mbili kumhoji mkandarasi na dakika tano kumuuliza mkuu wa ofisi ya wateja amefikia wapi.

Mfano huo una funzo jingine la kalenda. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza 1 Julai, na ni kawaida kutamani mfumo mpya wa hesabu uanze siku hiyo, ili mwaka ufunguliwe kwa vitabu vipya. Wiki 40 kabla ya 1 Julai ni takriban tarehe 24 Septemba. Hapo bado hatujaweka akiba yoyote. Tukiongeza akiba ya wiki 8, sawa na sehemu moja ya tano, mradi unapaswa kuanza mwishoni mwa Julai ya mwaka uliotangulia, na fedha zake ziwe zimetengwa katika bajeti iliyopitishwa kabla ya hapo. Mradi unaoidhinishwa Januari kwa ajili ya Julai umechelewa siku unapozinduliwa. Tena, katika ratiba ile isiyo na akiba, wiki 8 za kuendesha mifumo sambamba zinaangukia Mei na Juni, wakati wahasibu walewale wanafunga mwaka. Mtu mmoja hawezi kufunga hesabu za mwaka mchana na kulinganisha mifumo miwili usiku kwa miezi miwili mfululizo. Kwa sababu hiyo, ni busara kufanya ulinganisho huo kati ya Februari na Aprili, hata kama utalazimu mradi kuanza mapema zaidi.

Kampuni ya chokoleti ya Hershey ya Marekani ilijifunza hesabu hii ya kalenda kwa uchungu. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 iliamua kubadilisha mifumo yake mikuu ya oda, usambazaji na uhusiano na wateja kwa pamoja. Muda uliopendekezwa ulikuwa miezi 48. Kampuni ilitaka kumaliza kabla ya mwaka 2000, kwa hofu ya kompyuta za zamani kushindwa kusoma tarehe, ikaubana muda hadi miezi 30. Kazi ikachelewa kidogo, na mfumo ukawashwa Julai 1999, wakati oda za sikukuu ya Halloween zikianza kumiminika. Peremende zilikuwapo ghalani lakini mfumo haukuweza kuzifikisha kwa wateja. Oda za thamani ya takriban dola milioni 100 hazikutimizwa, na faida ya robo hiyo ya mwaka ilishuka kwa asilimia 19. Kusogezwa kwa miezi michache kuliutoa uwashaji katika majira tulivu na kuuingiza katika msimu wa mauzo.

Mradi unapochelewa, viongozi huwa na njia chache mbele yao. Wanaweza kuongeza watu, kupunguza kazi, kufupisha majaribio au kusogeza tarehe. Njia ya mwisho ndiyo inayoogopwa kuliko zote kwa sababu inatangazwa hadharani, ilhali mara nyingi ndiyo yenye gharama ndogo.

Kuongeza watu kunavutia, lakini Frederick Brooks, aliyesimamia uundaji wa programu kubwa za IBM miaka ya 1960, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1975 kwamba kuongeza watu katika mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Sababu mojawapo ni hesabu ya mawasiliano. Timu ya watu 5 ina jozi 10 za watu wanaohitaji kuelewana, na timu ya watu 10 ina jozi 45. Aidha, mgeni hufundishwa na mwenyeji, na mwenyeji anayefundisha ameacha kazi yake.

Kuhusu kupunguza kazi na majaribio, mfano wa Kanada unatosha. Serikali ya nchi hiyo iliidhinisha mwaka 2009 kubadilisha mfumo wa mishahara ya watumishi wake, ikitarajia kuokoa takriban dola za Kanada milioni 70 kila mwaka. Mfumo mpya uliitwa Phoenix. Mwaka 2012 ilibainika kwamba kuujenga kungegharimu dola milioni 274, wakati bajeti iliyoidhinishwa ilikuwa milioni 155. Wasimamizi hawakurudi kuomba fedha wala muda zaidi. Walichagua kupunguza kazi. Baadhi ya vipengele muhimu viliondolewa au kuahirishwa, kikiwamo cha kushughulikia malimbikizo ya mishahara. Jaribio lililopangwa kufanywa katika idara moja kwanza lilifutwa. Wakati huohuo watumishi wazoefu wa mishahara katika wizara na idara walikuwa wameanza kuondolewa katika nafasi zao, kwa kuwa kazi ilihamishiwa katika kituo kimoja mjini Miramichi.

Phoenix uliwashwa kwa awamu mbili mwaka 2016, ukihudumia watumishi wapatao 290,000. Makumi ya maelfu walilipwa visivyo. Taarifa ya Mkaguzi Mkuu wa Kanada ya mwaka 2018 iliuelezea mradi huo kuwa ni anguko lisiloeleweka, na ikaonesha kwamba wasimamizi walitanguliza bajeti na tarehe kuliko vigezo vingine vyote, vikiwamo utendaji na usalama wa mfumo. Kwa vipimo vya karatasi, mradi ulikuwa umekamilika.

Jambo hili linastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa wengi hudhani ratiba hulindwa kwa ukali. Tarehe isiyosogezeka kamwe huwafanya walio chini kuficha kasoro. Mpango kazi mzuri huweka vituo vya maamuzi kabla ya siku ya kuwasha, na katika kila kituo vigezo vinakuwa vimeandikwa miezi mingi kabla, wakati hakuna mwenye haraka: ni asilimia ngapi ya kumbukumbu zilizohakikiwa, ni kasoro ngapi nzito zinazoruhusiwa kubaki, tofauti kati ya mshahara wa mfumo wa zamani na mpya isizidi kiasi gani. Pia huandikwa mapema nani mwenye mamlaka ya kusema "bado". Ni vyema mtu huyo asiwe yule ambaye tathmini yake ya kazi inategemea tarehe hiyo, na asiwe mkandarasi anayesubiri malipo ya awamu inayofuata.

Hapa nchini, Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 iliipa Mamlaka ya Serikali Mtandao (eGA) jukumu la kuratibu, kusimamia na kuhimiza uzingatiaji wa viwango na miongozo ya TEHAMA katika taasisi za umma. Miongoni mwa yanayotakiwa ni taasisi kuwasilisha miradi yake ya TEHAMA kwa Mamlaka kabla ya kuitekeleza. Kwa mtazamo wa ratiba, hatua hiyo ina faida inayosahaulika. Mradi unaopitiwa kabla ya mkataba kusainiwa unaweza kuulizwa maswali yaleyale ambayo Queensland iliulizwa baada ya hasara: nani ameorodhesha mahitaji, mfumo utasomana na mifumo ipi, je, upo mfumo mwingine wa Serikali unaofanya kazi hiyo tayari? Taasisi inayoipangia hatua hiyo siku mbili katika mpango kazi wake, kana kwamba ni muhuri tu, imejitengenezea ucheleweshaji wa kwanza.

Mwananchi naye ana sehemu yake katika siku za kuhama. Tangazo la kuhamia mfumo mpya linapaswa kumwambia saa na tarehe ambayo mfumo wa zamani utaacha kupokea malipo au maombi, saa na tarehe ambayo mfumo mpya utaanza, namba za kumbukumbu zilizotolewa kabla ya hapo zitaendelea kutumika hadi lini, na ofisi au namba ya simu ya kupeleka malalamiko katika wiki za mwanzo. Likikosa mojawapo, taasisi husika iulizwe kabla ya tarehe yenyewe. Tangazo likisema uhamaji umesogezwa kwa mwezi mmoja ili kukamilisha majaribio, hiyo yaweza kuwa dalili kwamba kuna mtu aliyepewa mamlaka ya kusema "bado", naye akaitumia. Na aliyelipa siku chache kabla ya mfumo wa zamani kufungwa aitunze stakabadhi yake, ya karatasi au ya ujumbe wa simu, hadi atakapoona malipo hayo yamesomeka katika akaunti yake kwenye mfumo mpya.